Betri ya Lori Chini ya Ladu

Mwaka 1974 mtaa wa Buluk ulikuwa na Volkswagen moja tu iliyoendeshwa na mwanamke, na wanaume wasiopungua ishirini waliolijua gari hilo kuliko mwenyewe. Mwenyewe alikuwa Teresina Poni, mkunga mjane aliyerudi Juba baada ya miaka tisa ya ukimbizi Uganda. Alikuwa ameliendesha peke yake kutoka Arua hadi nyumbani, na mara mbili alilala matopeni. Bila shaka hilo halikutosha kuwashawishi watu kwamba anaelewa magari.

Mwezi wa tatu betri ikafa. Ukizungusha ufunguo, unasikia “tk”, basi. Teresina alitaka kuitoa ile ya zamani, aipime, ndipo aende dukani. Ladu, mdogo wa marehemu mumewe, akamzuia. Ladu hakuwahi kumiliki gari. Ila kule Uganda aliwahi kupanga chumba jirani na gereji kwa miezi minne, na ujuzi ukamwingia kupitia ukutani.

“Shemeji, wewe kaa na wazazi wako wa hospitali,” alisema. “Betri, mimi iko najua.”

Kesho yake asubuhi akarudi kutoka bandari ya mtoni, ambako tishari la kaskazini lilikuwa limeshusha bidhaa. Nyuma yake wachukuzi wawili walibeba betri kama jeneza.

“Hii ni ya lori,” Teresina akasema.

“Kweli kabisa! Kama inawasha lori, hii kigari chako itaishinda wapi?”

“Ni ndefu. Kwenye gari hili betri hukaa chini ya kiti cha nyuma. Kiti kitagusa vichwa vyake.”

“Volti ngapi? Si kumi na mbili?”

“Kumi na mbili.”

“Khalas!” Ladu akasema, na mjadala ukafungwa na mtaalamu.

Aliisukumiza betri mahali pake, akavunja kibano cha kuishikilia, kisha akakilazimisha kiti juu yake kwa magoti. Kiti kikabaki kimevimba katikati. Gari likawaka mara moja. Ladu akatazama majirani mmoja mmoja, kuhakikisha wote wamesikia.

Teresina alikuwa bado anabishana naye alipofika Soro, mkulima wa kijiji cha Gurei, nje ya mji, akihema juu ya baiskeli. Mkewe, Tisa, alikuwa na uchungu tangu alfajiri, na mtoto alitanguliza miguu. Hapakuwa tena na nafasi ya kubishana. Teresina akachukua mkoba wake.

“Soro, kaa mbele unionyeshe njia. Ladu, wewe baki. Pale nyuma pasikaliwe.”

“Mtu aliyeleta betri anaachwaje?” Ladu akauliza, na akaingia nyuma, akatandaza mikono juu ya kiti kama waziri.

Shimo la kwanza walilipita salama. La pili, Ladu akasema, “Shemeji, kiti yako ina joto.”

“Itakuwa jua,” Soro akasema kwa adabu.

La tatu lilikuwa shimo kweli kweli. Vyuma vya kiti vikalala juu ya vichwa vya betri, pakapiga cheche, na makumbi ya nazi yaliyojazwa ndani ya kiti yakashika moto. Gari lile lilikuwa na milango miwili tu, yote ya mbele. Ladu, kwa hiyo, alitoka akipitia kichwani kwa Soro.

Teresina alisimamisha gari, akakunja kiti cha mbele, akakivuta kile cha nyuma hadi nje na kukizima kwa mchanga. Gari halikuwaka tena. Akabeba mkoba, yeye na Soro wakamaliza njia kwa miguu, karibu nusu saa, wakikimbia penye kivuli na kutembea penye jua. Mtoto alizaliwa mchana, msichana, mzima, akilia kwa hasira. Wakamwita Rebecca. Ladu alibaki barabarani, suruali imetoboka nyuma, akiwaeleza wapita njia kwamba kiti kilitengenezwa vibaya.

Kesho yake Teresina alikwenda peke yake kwa Albino, mwenye duka la vipuri. Alikuwa na kamba yenye mafundo matatu: urefu, upana na kimo. Alikuwa pia ameandika kichwa cha chanya kiko upande gani, maana nyaya za gari hazivutiki kama mpira.

Albino akamletea moja inayong'aa. “Mpya kabisa, Sista.”

“Imezaliwa lini?”

“Eh?”

Teresina akageuza betri, akasoma namba. “Mwaka juzi. Na imekaa na asidi tumboni muda wote huo?”

Albino akakohoa, akaingia stoo, akatoka na nyingine kavu. Aliitia asidi mbele ya macho ya mteja wake na kuichaji hadi jioni. Teresina alikaa pale pale juu ya kreti, akifuma soksi za mtoto, na kila mwanaume aliyeingia akimshauri achukue kubwa zaidi, aliitikia, “Asante, baba,” akaendelea kufuma.

Betri hiyo ilidumu miaka mitatu, jambo la ajabu kwa joto la Juba. Siku moja alimsikia Ladu, mbele ya kanisa, akimfundisha kijana mwenye Peugeot: “Kwanza pima kimo. Watu wengi hawajui.” Teresina aliwasalimu wote wawili, akapita.