Neno Nililomsomea Gaspari

Siku ninayoikumbuka, mwanangu, si ya mechi. Mechi nimezisahau nyingi, hata zile ambazo vijana wa stendi hunishika mkono niwasimulie. Ninayoikumbuka ni siku ya fomu. Ilikuwa Jumamosi ya manyunyu pale Matogoro, Songea, sebuleni kwa katibu wa timu yetu ya mpira. Tulikuwa katibu mwenyewe, mimi, na Gaspari, winga wetu wa kulia. Mezani palikuwa na soda, kalamu, na karatasi zilizopigwa taipu.

Kwanza ujue mimi nilikuwa nani, maana wengi wenu mnaniita Dokta na kila nikiwakataza mnanishinda. Sikuwa daktari. Nilikuwa dresa wa zahanati, mtu wa kuosha vidonda, kufunga bendeji na kushona waliojikata panga shambani. Siku za mechi timu iliniazima, nikakaa benchi na ndoo ya maji na mkoba wenye msalaba mwekundu. Mchezaji akianguka nikakimbia uwanjani, jukwaa zima huita, "Dokta! Dokta!" Ujana ni moshi, wamesema wazee, ukienda haurudi. Wangu uliniingia kichwani kabla haujaenda.

Gaspari alikuwa mtoto wa Mzee Longino, mkulima wa mahindi wa Maposeni. Aliishia darasa la saba, na kusoma alisoma kwa kufuata kidole. Miguu yake ndiyo iliyomleta mjini. Shirika moja la umma lilikuwa na timu yake, likamwajiri kwenye karakana kama wachezaji wenzake: asubuhi anashika spana, jioni anavaa daluga. Mshahara ulikuwa mdogo, ukishatoa sukari na sabuni umekwisha. Lakini mwenzao mmoja alivunjika bega mazoezini, akatibiwa kwa cheti cha shirika, na mshahara ukamfuata kitandani mpaka alipopona. Hilo tuliliona sote. Wanasema mwenye macho haambiwi tazama. Mimi nasema naye aambiwe, tena mara mbili, kwa sababu tuliona na hatukutazama.

Kisha ukaja wakati wa soko huria. Mitumba ikajaa sokoni, mashirika yakaanza kuuzwa, na kila wiki tukasikia kwamba karakana itafungwa. Kule Tunduru mawe ya thamani yakatoka ardhini, na baadhi ya watu wakatoka nayo wakiwa matajiri. Mmoja wao, mnunuzi wa mawe, aliupenda mpira. Akawa mfadhili wa timu ya mji wetu, akanunua jezi na basi dogo, akawaita wachezaji wa shirika kwenye timu hiyo, akasema waachane na spana, wacheze mpira tu, yeye atawapa posho kila mwezi. Posho yenyewe ilikuwa karibu mara mbili ya mshahara wa karakana. Tulimpokea kwa ngoma na kuku, kama tunavyompokea askofu.

Ndiyo ikaja Jumamosi ile. Katibu alisukuma karatasi mbele ya Gaspari, na Gaspari akazisukuma kwangu.

"Kaka Fokas, nisomee. Wewe ndiye dokta."

Nikasoma kwa sauti na kwa mbwembwe, nikiyavuta maneno kama katekista. Nikafika mahali palipoandikwa kwamba huyu ni mchezaji wa ridhaa. Gaspari akainua kidole.

"Ridhaa ndiyo nini?"

Mwanangu, swali lile lilikuwa na akili kuliko sisi wote tuliokuwa mle sebuleni. Nami nilijua nusu ya jibu. Kwetu zahanati, ridhaa ni kukubali, kama mgonjwa anavyotia sahihi kabla ya kupasuliwa. Nilihisi kwamba hapa pana jambo jingine, maana katibu alikuwa ameinamia soda yake kama mtu aliyeona nzi ndani. Ningesema sijui. Ni neno fupi, lakini ukishazoea kuitwa dokta na uwanja mzima, linakuwa zito kuliko gunia la mbolea.

"Maana yake umekubali mwenyewe," nikamjibu. "Hujalazimishwa. Basi."

"Aa, hilo mbona nimekubali!" Akacheka, akatia sahihi kwa herufi kubwa za mtoto wa shule. Jumatatu yake akaacha kazi karakana. Barua ya kuacha kazi nilimwandikia mimi.

Maana aliyokuwa anaijua katibu ni hii. Kwenye michezo, mchezaji wa ridhaa ni yule anayecheza kwa mapenzi yake, si kwa ajira. Hana mwajiri. Anachopewa ni hisani, na hisani haidaiwi. Akiumia, ameumia katika starehe zake, kama mtu aliyeteguka mguu akicheza harusini. Neno lile moja lilimvua Gaspari cheti cha matibabu, mshahara wa kitandani na kiinua mgongo, na mimi nilikuwa nimeketi pale nikinywa soda.

Msimu wa kwanza ulikuwa mtamu, sikufichi. Gaspari alimpelekea baba yake koti la mtumba zuri na redio. Akipita mtaani watoto wanamfuata. Akinunua ugimbi kilabuni, wanakunywa hata wasiomjua. Mimi nilitembea kando yake nikila umaarufu wa pembeni, na sikumwuliza hata siku moja amejiwekea nini.

Msimu wa pili goti lake la kulia likaanza kuvimba. Likivimba Jumapili, Jumatano linapungua, Jumapili inayofuata linavimba zaidi. Nililishika nikasikia maji yanacheza ndani. Goti lile lilitaka kupumzishwa na kuonyeshwa daktari wa kweli. Hospitali ya misheni haikuwa mbali, ungeweza kwenda asubuhi na kurudi mchana. Nililijua hilo, mwanangu. Kwenye neno ridhaa ninaweza kusingizia ujinga, kwenye goti siwezi.

Lakini wiki ile timu kubwa ya Dar es Salaam ilikuwa inakuja Songea, na mji haukuongea kingine. Katibu akanifuata zahanati.

"Dokta, mfadhili anakuja mwenyewe. Gaspari lazima acheze. Fanya unavyojua."

Nilivyojua ilikuwa dawa ya ganzi, ile tunayomchoma mtu kabla ya kumshona jeraha. Nikaifungasha kwenye mkoba. Katika chumba cha kubadilishia nguo nikamwuliza Gaspari kama goti linauma, akasema linauma. Nikamchoma upande mmoja, nikamchoma na upande wa pili. Baada ya muda akasimama, akarukaruka, uso ukamchangamka.

"Kaka, limepona!"

Halikupona, lilikuwa limenyamazishwa. Maumivu ni mbwa wa nyumba. Akibweka, toka ukaangalie nani yuko uani. Mimi nilimfunga mbwa mdomo, nikamwambia mwenye nyumba alale.

Alifunga bao. Bao hilo ndilo mnalosimuliana mpaka leo, na kila mwaka mpira unazidi kupigwa kutoka mbali zaidi. Msichosimuliana ni kilichotokea muda mfupi baadaye. Gaspari aligeuka peke yake, bila kuguswa na mtu, goti likaenda upande ambao goti haliendi. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye nyasi akilitazama kwa mshangao. Nilipofika na ndoo yangu, aliniuliza taratibu, "Kaka, mbona haliumi?"

Nikaiweka ndoo chini, nikaita wenzake wambebe.

Daktari wa misheni alisema nyuzi za ndani zimekatika na mfupa umeharibika, apelekwe Dar es Salaam kupasuliwa mapema. Nikaenda mbio kwa katibu. Katibu hakunitukana wala hakukasirika. Alifungua kabati, akatoa fomu, akaweka kidole pale pale nilipoweka changu.

"Huyu ni wa ridhaa, Fokas. Si ulimsomea mwenyewe? Tutawaomba wapenzi wa timu wamchangie."

Wapenzi walichanga nauli ya kwenda tu, fedha ya upasuaji haikupatikana, na safari ikafa. Mwezi uliofuata posho haikuja. Mfadhili alikuwa ameshaleta winga mwingine, na haukupita mwaka mawe yalimgeukia, akaiacha na timu yenyewe. Karakana nayo ikafungwa kweli. Waliokuwa wamebaki walilipwa kiinua mgongo chao, kidogo, lakini walilipwa. Gaspari hakuwamo, kwa ile barua yenye mwandiko wangu.

Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini. Nilimpeleka Maposeni nyuma ya pikapu, amelazwa juu ya magunia matupu. Mzee Longino alikuwa uani anapukuchua mahindi. Nikampa shikamoo, akaitikia. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, nikayatoa: kwamba ni ajali ya mchezo, kwamba hakuna wa kulaumiwa, kwamba Gaspari mwenyewe aliridhia kwa sahihi yake.

Mzee aliweka gunzi chini.

"Aliridhia nini?"

"Kucheza, mzee. Kwa ridhaa."

"Ulimweleza hiyo ridhaa itamfanya nini akiumia?"

Nikayatazama magunzi.

"Na ile sindano inayosemwa mjini, ulimweleza?"

Mke wa mzee alikuwa mlangoni na kibuyu cha maji, akasimama pale pale asitoke.

"Basi mwanangu hakuridhia," alisema Mzee Longino. "Mtu haridhii asichokijua. Umeridhia wewe, kwa mguu wake. Nenda zako, kijana. Ila usirudi tena katika ua huu kuniambia kwamba alikubali."

Nilitembea kwa miguu mpaka barabara kuu. Nilikasirika, mwanangu, nakiri. Nilijiambia mzee mshamba huyu anajua nini juu ya mpira. Ilinichukua miaka kukubali kwamba alikuwa amejua kila kitu, na aliyekuwa hajui ni mimi na bendeji zangu.

Watu hupenda kumrushia Gaspari ile methali, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wanaitoa kwa kicheko, kana kwamba ilitungwa kwa ajili yake. Inaniuma kuliko matusi. Gaspari alisikia la mkuu. Aliuliza, akajibiwa, akatii. Mkuu nilikuwa mimi.

Goti lile lilikauka, halikunjiki. Na wewe ni mtoto wa mkulima, unajua tuta halipandishwi kwa mguu ulionyooka kama mpini. Gaspari hupalilia mahindi yake ameketi kwenye kigoda. Akimaliza alipofikia, anakisogeza kwa mkono, anaketi tena, mstari mzima hivyo hivyo, jua lote hilo. Mvua za kwanza zikianza nami huenda Maposeni na jembe langu. Mwaka wa kwanza Mzee Longino alinifukuza. Mwaka wa pili akaniacha nilime bila kunisemesha. Sasa ametangulia mbele ya haki, na bado naenda. Usidhani nalipa deni kwa kulima. Matuta hayaponyi goti la mtu. Naenda kwa sababu kukaa nyumbani ni kubaya zaidi.

Sasa unisikilize, wewe unayecheza kwa pesa, na mwenzako anayepigana ngumi kwa pesa, na binti anayekimbia kwa pesa.

Karatasi usiisaini siku uliyopewa. Wakikwambia gari linaondoka, liondoke. Ipeleke kwa mtu asiyekula chochote kutoka kwenye mguu wako, akusomee neno kwa neno, na kila neno uliulize. Akikwambia "hili silijui, twende kwa mwanasheria," mshukuru, huyo ndiye msomi. Uliza ukiumia nani anakutibu, hospitali gani, mpaka lini. Uliza utakula nini ukiwa kitandani. Uliza mkataba ukiisha na goti bado linauma itakuwaje. Jibu la mdomo si jibu, liandikwe. Kadi ya bima iwe mfukoni mwako, si kwenye droo ya katibu. Michango yako ya uzeeni nenda kaikague mwenyewe, usiambiwe tu kwamba inapelekwa.

Na anayekuja na sindano ili ucheze, mwulize tu: kesho yake je? Akibabaika, vua daluga zako. Ukigongwa kichwa ukaona mipira miwili, toka nje hata kama kocha anakulaani. Kocha atapata mwingine Jumatatu, mama yako hatapata.

Jifunze na kazi nyingine ungali na jina. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na ukingo wa mchezaji uko karibu sana, karibu kuliko wa mshona viatu. Nanyi mnaoitwa dokta na hamkusomea, jifunzeni kusema sijui. Mimi nilishindwa kulisema mara moja tu.

Gaspari hajawahi kunilaumu. Ningelala vizuri zaidi kama angenilaumu. Jumapili nikiwa kule tunakaa wote benchi la nyuma kanisani. Kengele ya mageuzo inapolia, padri akiinua mkate, kanisa zima linapiga magoti, watoto, wajawazito, wazee wa miaka themanini. Yeye peke yake anabaki amesimama, ameshika benchi, na mimi niko chini kando yake, na sijawahi kuthubutu kuinua macho nimtazame.

Nenda basi, mwanangu. Mungu akujalie mabao, na watu waliimbe jina lako. Lakini zaidi ya hayo akujalie hili: ukifika umri wangu, upige magoti mbele zake kwa magoti yako mwenyewe, na uinuke bila kushikwa mkono.