Kiwiko cha Shaba

Katika ploti yetu ya Kayole, kisima kirefu ndicho kilichotunywesha, na mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wa pampu. Kazi hiyo niliipata baada ya kustaafu kiwandani, na nilijiona fundi kuliko nilivyokuwa.

Wapangaji wa juu walilalamika kuwa maji hayawafikii kwa nguvu. Nikatoa chujio la mchanga lililokuwa mbele ya pampu, maana lilikuwa linaziba kila wiki. Maji yakapanda kwa kishindo, wakanishangilia. Wakati huohuo nikabadilisha viwiko vya chuma, pale bomba linapopinda, nikaweka vya shaba. Niliwaambia watu shaba haishiki kutu. Hilo ni kweli. Ila sikufikiria mchanga.

Chini ya kiwiko cha kwanza, kwenye korido, mjane mmoja alikuwa na cherehani yake ya umeme. Alipenda mwanga wa pale.

"Mzee," aliniambia asubuhi moja, akinionyesha beseni la maji lenye mchanga chini, "hii maji unatuletea na kokoto? Tupikie githeri na simiti?"

Nilicheka. Alipoondoka nikagonga kiwiko kwa spana. Upande wa ndani wa kona ulijibu kwa sauti nzito. Upande wa nje, pale maji yanapojipiga kabla ya kugeuka, ulilia kama kopo tupu. Punje zile za mchanga, zikija kwa kasi, zilikuwa zinaikwangua shaba, iliyo laini kuliko chuma, bila kupumzika, na kwa nje rangi ilikuwa bado inang'aa.

Nilipaswa kumwambia siku ileile. Badala yake, kwa siku tisa, kila nikiwasha pampu nilisimama karibu na swichi nikilikodolea macho lile bomba, huku yeye akishona na waya wa umeme ukipita miguuni pake. Niliona aibu kusema kwamba chujio nililitoa mwenyewe.

Siku ya kumi nikaona tone moja likining'inia juu ya cherehani. Nikazima pampu, nikang'oa plagi yake ukutani.

"Kwani nimekukosea nini, mzee?"

"Toka hapo kwanza. Hilo bomba limeliwa. Nilijua."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ya githeri na simiti."

Hakucheka. Nilikifungua kiwiko, nikakibonyeza kwa kidole gumba upande wa nje. Kilibonyea, kisha kikatoboka. Alikitazama, akamtazama binti yake aliyekuwa akiosha vyombo kule ngazini, chini ya bomba hilohilo.

"Na huko juu umeweka vingapi?"

"Vinne."

Akamwita binti yake atoke pale. Wapangaji walianza kupiga kelele kuwa maji yamekatika. Nikashika spana, nikapanda ngazi, na kila mlango uliofunguka nikaeleza upya nilichokifanya.