Niliusahihisha Udugu

Usiku ule sikulala kwa sababu ya neno moja la Katiba. Ni umoja au udugu? Nilikuwa nimeshasahihisha jaribio na kutangaza matokeo, na jina la mwanafunzi mmoja atakayekwenda Dodoma kwenye shindano la maswali ya Katiba lilikuwa mezani kwa mkuu wa shule. Kama neno ni udugu, nilikuwa nimemchagua asiyestahili na kumwacha anayestahili.

Nilikuwa mwalimu wa kujitolea wa Uraia katika sekondari moja wilayani Chemba, mwaka wa pili tangu nihitimu chuo. Katiba yangu ilikuwa ya fotokopi, na ukurasa wa utangulizi ulikuwa umefifia upande mmoja. Sikujali. Niliandika ubaoni misingi minne inayotajwa hapo: uhuru, haki, umoja na amani. Umoja ulikuja wenyewe. Si uko kwenye nembo ya taifa, pamoja na uhuru? Chini yake nikachora visanduku vyenye mishale: Katiba ya Uhuru, ya Jamhuri, ya Muda, na hii tuliyo nayo. Darasa likanakili vyote.

Kwenye jaribio, mmoja tu aliandika udugu. Alikuwa msichana wa kidato cha tatu. Kwao wanazungumza lugha ya kugonga ulimi kwenye kaakaa, na Kiswahili alikikuta shuleni. Nikaona nimeshalielewa kosa lake.

"Ulitaka kuandika undugu?" nilimuuliza mbele ya wenzake.

"Hapana, mwalimu. Udugu."

"Hii ni Katiba, binti, siyo kikao cha harusi."

Wakacheka. Mmoja wa nyuma akadakia, "Mwalimu, mwulize kama ameshatoa mchango." Wakacheka tena, nami nikacheka nao.

Msichana alisubiri tumalize. "Baba ni mtendaji wa kijiji. Kitabu kipo ofisini kwake. Nimesoma humo."

Nikamwambia vitabu vya ofisi za vijiji vimepitwa na wakati, akae. Alipata kumi na nane kati ya ishirini. Mvulana aliyeongoza alipata kumi na tisa.

Ni ule utulivu wake ulioninyima usingizi. Jumamosi nikaenda Dodoma kwa rafiki niliyesoma naye, sasa mtumishi wa serikali. Sikumweleza kitu, nilimwomba tu Katiba yake. Akanielekeza kwenye rafu huku akiendelea kupiga pasi nguo za kazini.

Uhuru, haki, udugu na amani.

Nilisoma herufi moja moja, nikafunga kitabu, nikakifungua tena.

"Vipi, kuna msiba?" rafiki yangu akauliza.

"Imeandikwa udugu."

"Wewe ulitaka waandikeje?"

"Umoja."

Akaja kuchungulia. "Hata mimi ningesema umoja," akasema. "Lakini mimi sifundishi."

Nilitafuta pa kutokea. Katiba imerekebishwa mara nyingi. Huenda neno lilibadilishwa, na fotokopi yangu ni ya kabla ya hapo. Niliporudi Chemba niliuinua juani ule ukurasa uliofifia. Kabla ya "na amani" kulikuwa na u, kisha d, kisha doa. Neno lilikuwa mikononi mwangu muda wote. Sikuwa nimelisoma, nilikuwa nimelitunga.

Mimi ni mtu wa kurudi mara tatu kuangalia kama nimefunga mlango. Ujumbe wa simu wa maneno sita naufuta na kuuandika upya. Lakini siku ile darasani sikuwa na shaka hata chembe. Shaka yangu yote nilikuwa nimempa yule msichana. Hilo lilinishtua kuliko neno lenyewe, na hadi leo sijalizoea.

Jumatatu nilibisha hodi kwa mkuu wa shule.

"Shikamoo, mkuu."

"Marahaba. Umefuata barua yako?"

Ilikuwa barua ya kunipendekeza kwenye maombi ya ajira. Ilikuwa mbele yake, haijasainiwa. Nikamweleza yote.

Alivua miwani. "Jina limeshafika wilayani. Ni alama moja tu, mwalimu. Sasa uandike kwamba hujui Katiba, halafu mimi nikupendekeze ukafundishe Uraia?"

Nikasema tu, "Naomba karatasi, mkuu."

Niliandika kosa langu, nikaandika alama mpya: msichana kumi na tisa, mvulana kumi na nane. Mkuu akasoma, akapiga muhuri bila kuniangalia. Barua yangu akairudisha kwenye droo.

Nilimwita mvulana nje kwanza. Alichora mstari mchangani kwa kiatu. "Mimi niliandika ulichotufundisha, mwalimu."

"Ndiyo. Kosa ni langu."

Kisha nikaingia darasani, nikasema mbele ya wote kwamba niliwafundisha vibaya, na kwamba aliyechekwa ndiye aliyesoma. Safari hii hakuna aliyecheka. Msichana aliuliza kitu kimoja tu: "Kwa hiyo naenda mimi?"

"Sijui kama watakubali," nikamwambia. "Karatasi ya masahihisho naipeleka wilayani sasa hivi."

Mchana ule nilisimama dirishani pa ofisi ya elimu ya wilaya, nikamkabidhi karani karatasi, nikamwambia siondoki mpaka nimwone afisa.