Zabibu za Kogo na Pipi Moja ya Minti

Rafiki yangu, mimi ni mtu wa chai. Nimefika umri huu bila kuonja pombe, na nilikuwa najivunia hilo, tena kwa sauti. Basi ngoja nikueleze ni kwa nini mwezi uliopita nilijikuta nimeshikilia meza kwa mikono miwili, mdomoni nina divai, na sikuitema.

Binti yangu ndiye aliyepanga safari. Tulitoka Eldoret alfajiri, tukapita Timboroa kwenye ukungu, tukanunua karoti kando ya barabara ingawa hatukuzihitaji, tukanywa chai Nakuru. Naivasha tulilizunguka ziwa polepole, madirisha wazi, tukila samaki wa kukaanga kwa vidole. Mchana tukaingia kwenye shamba moja la mizabibu ambapo wageni huonjeshwa. Niliomba juisi. Binti yangu akacheka. "Mum, tone moja haitakufukuzisha kanisa."

Nikaonja, nikashtuka, nikashika meza kwa mikono miwili. Ladha ile niliijua. Niliilamba nikiwa na miaka tisa, jikoni kwa nyanya yangu kule Kesses. Kilichokosekana ni moshi wa kibuyu tu.

Nyanya tulimwita Kogo. Kanisa letu halikugusa kileo hata kwenye meza ya Bwana. Tulitumia maji ya zabibu yaliyochemshwa, na aliyekabidhiwa kuyatengeneza ni yeye. Kila mwaka, wiki chache kabla ya Pasaka, jirani yetu mwenye duka alimpeleka kwa pikapu yake hadi ziwa lile lile kununua zabibu. Mimi nilibanwa katikati ya kiti chao, kwa sababu nilikuwa mwembamba na sikuwa na maswali mengi. Kogo hakutaka mwendo wa kasi. "Mama, tukienda hivi zabibu zitafika zimekauka," jirani alimtania, na Kogo akamjibu kuwa haraka haraka haina baraka. Ilikuwa siku nzima ya njiani, mahindi ya kuchoma kwenye mapaja na harufu ya petroli. Sijawahi kuwa na siku nzuri kuliko hizo.

Nyumbani alizichemsha kwenye sufuria kubwa, akazichuja kwa kitambaa cheupe huku akiimba tenzi. Kanisa lilimnunulia chupa, lakini Kogo hakuziamini. "Chupa ni ya mtu yeyote," alisema. "Kibuyu kinanijua." Akamimina yote kwenye vibuyu vyake vya mursik, vile vilivyosuguliwa mkaa ndani na kulaza maziwa hadi yakachacha, miaka nenda miaka rudi. Akavifunika, akavipanga karibu na meko wiki mbili.

Sasa niambie wewe: kibuyu kinachogeuza maziwa, kingeziachaje zabibu za watu? Lakini nani angejua? Hao wote walikuwa hawajawahi kuonja divai. Pasaka ikifika wakubwa walikunywa, kwaya ikapanda sauti, nyuso zikang'aa, mama mmoja wa mbele akalia kila mwaka. Tulisema ibada ina moto. Wakubwa wote walinuka sawa, kwa hiyo hakuna aliyemnusa mwenzake.

Mwaka ninaousema, jirani alikuja Jumamosi kubeba vibuyu. Alikuwa ameokoka miaka miwili tu, na wazee walikuwa ndio kwanza wamemruhusu mezani, baada ya kunywa kwa muda mrefu hadi duka likakaribia kufungwa. Kogo alikuwa na mafua. Akamjazia kikombe cha bati. "Hebu onja uniambie kama imeharibika. Mimi pua imefungana."

Akaonja. Akakitazama kikombe.

"Iko sawa, Mama," akasema.

"Basi maliza, haturudishi kwa kibuyu."

Akamaliza, akakiweka chini. Nikakilamba kwa siri, maana watoto hatukuruhusiwa. Koo likawaka, masikio yakapata moto. Kugeuka, jirani ananitazama. Nikajua nimekwisha. Lakini alitia mkono mfukoni akanipa pipi ya minti. "Kula hii mpaka tufike kanisa," akasema. Nilifurahi kama mtoto yeyote.

Tukaenda naye, Kogo na mimi. Kanisani mzee mmoja aliyekuja kusaidia kushusha mizigo alimsogelea, akarudi nyuma. "Wewe, umekunywa?" Watu wakasimama. Jirani alimwangalia Kogo, akaviangalia vibuyu.

"Nimekunywa," akasema. Basi.

Nilikuwa pale, pipi mdomoni, nikingoja aseme ni Kogo aliyempa. Hakusema, na mimi pia sikusema. Wazee wakamtenga na meza. Kesho yake wakubwa wote walikunywa, na yeye alisimama nje kando ya pikapu yake. Kogo aliumia sana. Hakuwahi tena kupanda gari lile, na mpaka anazikwa aliamini kuwa mtu yule alipitia mahali akalewa kabla ya kuja kwetu.

Jumapili baada ya safari nilikaa kanisani na kikombe changu kidogo cha plastiki, juisi ya pakiti. Vibuyu vya Kogo havipo, jiko lake halipo, na watu hawaimbi tena vile. Sikuweza kumeza. Ibada ilipoisha nilienda mtaa wa Huruma, hapa hapa Eldoret. Jirani ni mzee sasa, amepanga chumba kimoja, anauza vitunguu mlangoni.

"Mzee," nikamwambia, "ile ya vibuyu ilikuwa pombe."

Alicheka mpaka akakohoa. "Sasa unaambia mimi? Kanisa mzima ni mimi peke yangu nilikuwa najua pombe inaonjeka aje."

"Si ungesema?"

"Niseme aje? Mama alikuwa amepikia watu hiyo kitu miaka yote, na maombi. Angeingia kanisa tena na uso gani? Mimi walishazoea kuniona nimeanguka. Yeye hakuna mtu alikuwa amemwona chini."

Aibu ilinishika, rafiki yangu, aibu ya mtoto wa miaka tisa kwenye mwili wa mama mzima. Nikamwambia kwamba nami nilikilamba kikombe, na nikanyamaza siku ile mbele ya wazee.

"Nilikuona. Si ndiyo nikakupa pipi? Wangekunusa, Kogo angekuua."

Hapo ndipo nilipoelewa, na nikashtuka kuliko nilivyoshtuka kule ziwani. Miaka yote hiyo niliikumbuka pipi ile kama zawadi. Nikamuuliza mbona naye hakula moja kabla hatujafika.

Alipanga vitunguu vyake upya, kimoja baada ya kingine.

"Ilikuwa imebaki moja," akasema.