Mabasi Yaliyosimama Makurunge

Dija binti Mwishehe wa Dunda ni fundi cherehani, na kwa kushona madera hana mpinzani mtaani kwao. Hilo wanalijua wote. Wasilolijua wengi ni kwamba mwanamke huyu wa makamo, mwenye tepu ya kupimia shingoni kutwa nzima, ni dereva wa basi. Basi lenyewe limo ndani ya simu. Msicheke, nisikilizeni kwanza.

Mchezo unaitwa Dereva wa Pwani, na waliouunda ni vijana wachache wa Dar es Salaam. Unachagua basi, unapakia abiria, unaondoka. Dija aliuanza kwa kupoteza muda tu, siku ambazo umeme umekatika na cherehani imelala. Lakini kilichomnasa hakikuwa usukani. Kilikuwa kile walichokiita karakana ya ramani. Humo mchezaji alijichorea barabara zake, akapanda miti yake, akajenga nyumba na kuwaweka watu nje wakisubiri basi, na wachezaji wengine wakaja kuendesha humo humo. Wenzake walijenga miji yenye madaraja ya ajabu. Dija akaijenga Makurunge, kijiji chao.

Tena si Makurunge ya leo. Aliijenga ile alimozaliwa, kabla mvua haijaiangusha nyumba yao na majirani hawajatawanyika, huyu kaenda kwa watoto, yule kaenda kwa Mola wake. Aliijenga kwa ajili ya baba yake.

Mzee Mwishehe alikuwa mkulima wa mihogo na mananasi. Kiharusi kilipomlaza miguu, Dija alimleta Dunda awe karibu na hospitali. Aliletwa kwa muda mfupi, na muda mfupi ukageuka miaka. Mzee hakulalamika hata siku moja, na hilo ndilo lililomuuma Dija. Mtu aliyejulikana kwa mdomo wake, leo anakaa kwenye kiti barazani anaangalia bodaboda zinavyopita na wapanda bodaboda hawageuzi hata shingo! Huko kwao, huyu mzee alikuwa akitoka asubuhi kwenda shamba, anafika jua limeshachoma, kwa sababu hakuna baraza aliyoipita bila kusimama, akauliza wazima, akauliza mgonjwa, akauliza mbuzi. Marehemu mkewe alikuwa akimwambia, "Wewe huendi shamba, unakwenda kusalimia. Jembe unalitembeza tu."

Basi ramani ilipokamilika, kila siku baada ya sala ya alasiri Dija aliiegemeza simu kwenye chupa ya chai, akaliwasha basi, wakaondoka.

"Taratibu, mama," mzee alimwambia siku ile ya kwanza. "Hapo kwa nani?"

"Kwa Bi Hafidha, baba."

"Sasa mbona unapita? Simama! Unataka waseme binti wa Mwishehe hana adabu?"

Dija akasimamisha basi mbele ya kijumba cha kwenye kioo, penye kidoli alichokivika kanga nyekundu. Mzee akakohoa, akainua mkono.

"Asalaam aleikum, Bi Hafidha. Wazima humo? Haya, sisi tunapita."

Wakaenda hivyo, nyumba kwa nyumba. Dija alicheka mpaka machozi, na baadaye, akiwa jikoni anachambua mchele, machozi yale yalirudi peke yake na hayakuwa ya kucheka tena.

Katika kundi la WhatsApp la wachezaji, habari za mzee na salamu zake zikaenea. Mwalimu Medard wa Kerege, mtu wa bara aliyezoea pwani, alikuja kuendesha Makurunge, akafuatwa na Farhan, kijana wa bodaboda mwenye maneno mengi, kisha wengine. Dija akaweka kibao mlangoni mwa kijiji: Huku hapitwi bila salamu. Nao wakatii. Ukiingia Makurunge saa yoyote utakuta mabasi yamesimama, hili kwa Bi Hafidha, hili kwa fundi seremala, honi zinapigwa kidogo kidogo kama mtu anayebisha hodi. Mzee alikuwa akiyatazama akitabasamu. Hamu ya kula ilimrudia, na nguo akadai apigiwe pasi.

Halafu mchezo ukaletewa toleo jipya. Dija alilipakua kwa furaha zote, akafungua, akatafuta karakana. Hakuna. Akazima simu akaiwasha. Hakuna! Ramani zote walizojenga wachezaji zimetoweka, zimebaki barabara za wenyewe watengenezaji tu.

"Leo hatwendi?" mzee akauliza alasiri.

Dija akababaika. "Njia imekatika, baba. Mvua."

Mzee akamtazama. "Mvua ya kwenye simu?"

"Baba..."

"Dija, mwanangu, kilicholala ni miguu. Akili haijalala. Sema tu imeharibika."

Akamweleza. Mzee akasema alhamdulillah, akaomba arudishwe ndani. Kesho yake hakutaka kupelekwa barazani, wala kesho kutwa. Uji alikunywa vijiko viwili akasema ameshiba. Dija akashona suruali ya mtu miguu yote miwili ya upande mmoja, jambo ambalo halijawahi kumtokea tangu aijue sindano. Aliogopa, na sababu aliijua vizuri. Alikwisha kumwona baba yake akizimika mara moja, pale alipoletwa mjini, na hakuwa na njia nyingine ya kumwasha.

Kwenye kundi kulikuwa kunawaka moto. Farhan alitaka waufute mchezo wote kwa pamoja, wawakomeshe. Mwalimu Medard akasema hapana, tuwaombe kistaarabu, kila mtu aende kwenye ukurasa wao aseme kwa nini anaitaka karakana irudi. Wakaenda kwa wingi. Wengine waliomba, wengine, mwenyewe Farhan akiwemo, walibwatuka.

Watengenezaji wakajibu. Walisema hawakufanya kwa ubaya. Kuitunza karakana ni kazi kubwa, na takwimu zao zinaonyesha wachezaji hawazifurahii ramani zile: wanaingia, wanasimamisha basi, wanakaa tu. Wakatoa mfano wa ile iliyoongoza kwa mabasi kukwama. Ilikuwa Makurunge ya Dija.

Lo! Farhan hakuchelewa: "Kumbe dada wewe ndiye uliyetuponza! Madaraja yangu yamekufa kwa ajili ya salamu zako!" Wengine wakacheka, wengine hawakucheka. Medard alijaribu kutuliza, lakini Dija alikwisha kuweka simu kifudifudi juu ya kitambaa. Aliona aibu, ile aibu ya mtu aliyewaharibia watu wazima shughuli yao.

Alikaa nayo aibu hiyo tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Kisha ikageuka hasira. Yamekwama? Nani kakwama? Akaichukua simu, na kwa kuwa kuandika maneno mengi humchosha, akawatumia watengenezaji sauti yake.

"Mimi ndiye niliyejenga Makurunge. Mabasi yale hayajakwama, yanasalimia. Na kuna mzee hapa hatoki nje tangu mlipofunga. Kama hamwamini, nipigieni."

Wakapiga! Siku iliyofuata, Dija akimlisha baba yake, simu ikalia. Alikuwa binti mmoja, akajitaja kwa jina la Shadya, akasema ni mmoja wa waliotengeneza mchezo. Sauti yake ilikuwa ya haraka, ya mtu mwenye kazi nyingi.

"Samahani dada, nina dakika chache. Nilitaka nielewe tu, kwenye ramani yako basi linasimama pasipo na kituo, kwa sababu gani hasa?"

Dija akafungua mdomo, lakini mzee alikwisha kunyoosha mkono. "Nipe. Ni nani?"

"Ndio hao wenye mchezo, baba."

"Nipe nimsalimie."

Akawekewa simu sikioni. "Hujambo, mwanangu?"

"Shikamoo babu. Sijambo. Nilikuwa namuuliza dada kuhusu..."

"Marahaba, marahaba. Hapo ulipo wazima?"

"Wazima babu. Sasa, kuhusu zile..."

"Kwenu ni wapi, mwanangu?"

"Pangani, babu."

"Pangani! Wazee wapo?"

"Bibi yupo. Babu alitangulia."

"Innalillahi. Mungu amlaze pema. Na bibi, anaendeleaje?"

Hapo sauti ya haraka ikapungua mwendo. Binti akasema bibi anasumbuliwa na magoti. Mzee akataka kujua ni goti la kulia au la kushoto, anajipaka nini, na nani anayemtekea maji. Shadya akajibu yote. Akasema ana siku nyingi hajampigia. Mzee akamwambia ampigie leo, na amwambie Mwishehe wa Makurunge anamsalimu. Uji ulipoa kabisa, na zile dakika chache zilikwisha zamani na hakuna aliyezikumbuka.

"Haya mwanangu," mzee akasema mwishowe, "sasa sema ulilopigia."

Shadya akacheka, kicheko cha mtu aliyejikwaa barazani kwake mwenyewe. "Basi babu. Nimeshajibiwa."

Kabla hajakata alimweleza Dija kwamba ramani hazikufutwa, zimefungiwa tu, na kwamba atazungumza na wenzake lakini hawezi kuahidi. Dija akashukuru. Siku zile za kungoja alizishona, maana hakujua afanye nini kingine. Mzee alikula zaidi kidogo. Kila jioni aliuliza, "Njia bado?" Na Dija akajibu, "Bado, baba."

Karakana ikarudi Ijumaa moja, na tangazo fupi lilisema kuwa kuanzia sasa kusimama nako kutahesabiwa kuwa ni kucheza. Farhan akaandika kundini, "Dada Dija, ulimi hauna mfupa, nisamehe," akasamehewa. Dija alimtoa baba yake nje, barazani, kwa kanzu iliyopigwa pasi, akaegemeza simu kwenye chupa ya chai.

Walikwenda taratibu. Bi Hafidha akasalimiwa, na fundi seremala, na wote. Walipofika mwisho wa kijiji, penye nyumba yao, Dija akataka kugeuza basi kama siku zote.

"Simama hapo," mzee akasema.

Akasimama. Nyumba ilikuwa ile ile, na mnazi wake uliopinda, na baraza tupu.

"Asalaam aleikum," mzee akasema, akangoja. Kisha akamgeukia binti yake. "Kote umeweka watu. Kwangu hakuna mtu."

"Nilijua wewe uko hapa na mimi, baba."

"Leo nipo. Niweke pale barazani, mama. Wakipita wanikute."

Dija akaichukua simu. Akafungua karakana, akachagua kidoli, akakivika kanzu nyeupe na kofia, akakikalisha kwenye kiti chini ya paa la makuti. Mzee akamwambia akisogeze kidogo, kitazame njia. Akakisogeza.

Hawakukaa sana, basi la bluu likatokea upande wa mashambani. Lilikuwa la Mwalimu Medard. Likapunguza mwendo, likasimama mbele ya nyumba, honi ikalia kidogo, na maneno yakajiandika juu ya kioo. Dija akamsomea baba yake: "Shikamoo, Mzee Mwishehe."

"Marahaba," mzee akaitika kwa sauti kubwa, hata mwenye bodaboda aliyekuwa akipita barabarani akageuza shingo, akapunguza mwendo, akainua mkono.

"Nimwambie apite, baba?" Dija akauliza. "Maana kwa adabu hataondoka mpaka umruhusu."

Mzee alikuwa akimtazama yule mwenye kanzu nyeupe.

"Mwache asimame kidogo," akasema.