Mkono Usio na Mwenyewe Katika Harusi ya Mkuyuni

Saa moja asubuhi Winfrida Kobelo yuko juu ya bodaboda, Morogoro mjini imeshabaki nyuma, na pikipiki inakwenda Mkuyuni ikikohoa. Kifuani, ndani ya kanga, amebeba sidii moja.

"Dada, safari yote hii kwa sidii moja?" anauliza dereva wake, Dadi. "Si ungemrushia kwa simu?"

"Mzee mwenyewe ana kitochi. Wewe angalia mashimo."

Winfrida, 41, anahariri video za harusi. Wapiga picha humletea kazi za kamera kubwa, angavu mpaka unahesabu shanga shingoni mwa bibi harusi. Yeye huzikata, huziunga, kisha huzichoma kwenye sidii za kuchezwa na deki za nyumbani. Kazi moja ni siku nne, Sh80,000. Vijana wanataka flashi. Wazee wa milimani wanataka kitu cha kushika.

Kosa lilimpata kwenye harusi ya Bernadeta. Televisheni nyingi za huko bado ni za chogo, kioo karibu mraba, na picha za siku hizi ni pana. Ukiiacha nzima, inabaki michirizi myeusi juu na chini, na wateja hulalamika wamepunjwa. Winfrida akaipanua ijae kioo. Kingo za pembeni zikaliwa.

Pembeni ndipo aliposimama Lukasi, mjomba wa bibi harusi. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye humkabidhi. Siku ya kutazama sidii, nyumba imejaa majirani, ukaonekana mkono tu ukimsogeza Bernadeta kwa mumewe.

"Mkono wa nani huo?" mmoja akauliza. Wakacheka hadi wakashika mbavu.

Lukasi hakucheka. Aliamini upande wa mume umemhonga mhariri amkate. Mwaka huu mtoto wa Bernadeta alipopangiwa ubatizo na Lukasi kualikwa, mzee akajibu: "Mimi si mkono tu? Basi Jumapili nitatuma mkono."

Bernadeta akampigia Winfrida akilia. Winfrida akafukua picha za mwanzo, akaihariri harusi upya, bure.

"Ningeweza kumpa mtu ailete," anasema akishuka kwenye pikipiki. "Lakini mtu uliyemkata unamfuata mwenyewe."

"Shikamoo, mjomba," anamwamkia Lukasi mlangoni.

"Marahaba. Ndiye wewe mwenye mkasi?"

"Ndiye mimi. Sikuhongwa. Nilikosea."

Deki inawashwa kwa betri ya sola. Lukasi anatokea mzima, na koti lake na kofia yake.

"Na hii nyeusi juu na chini?"

"Ili uingie, mjomba, ilibidi picha yote ipungue."

Mzee anasogea karibu na kioo. "Na bwana harusi kapungua?"

"Kapungua."

"Na baba yake?"

"Naye."

"Haya. Irudishe nyuma niione tena."

Jumapili Lukasi alikwenda kwenye ubatizo, akambeba mtoto, akakaa mpaka jioni. Mtoto anaitwa Amani. Bernadeta anatunza sidii mpya kabatini; ile ya kwanza imening'inizwa shambani, inafukuza ndege kwenye mpunga. Dadi bado anaendesha bodaboda. Winfrida alinunua televisheni ya chogo kwa fundi, na hakuna sidii inayotoka kwake kabla hajaitazama humo, pembe zote nne. Anaweka akiba apate kompyuta yenye nguvu zaidi.