Maua Niliyoanika Barazani

Mume wangu aliniacha asubuhi, majirani wakiwa nje wanafagia, na hakujisumbua kushusha sauti.

"Hii nyumba inanuka ndagala," alisema. Begi lake lilikuwa limeshafungwa nyuma ya pikipiki. "Nguo inanuka, shuka inanuka, hata chai inanuka. Mutu hawezi kuishi humu."

Nilikuwa nimeshika ungo wa ndagala hizo hizo, dagaa wa ziwa letu. Ndizo zilizosimamisha kuta alizokuwa anazikimbia. Yeye alikuwa fundi wa mota za mitumbwi. Kazi ikija anafanya, isipokuja analala. Mimi kila alfajiri nilikuwa ufukweni nikingoja wavuvi watoke ziwani, nachukua ndagala mbichi, naanika mchangani, nageuza, napeleka sokoni. Zikiadimika hapa mjini Baraka nazifuata Mboko au Swima. Na kule alikokuwa anakwenda kulikuwa Kazimia, kwa mwanamke ambaye mji mzima ulishamjua kabla yangu. Kazimia ni bandari ya samaki. Huko hata mbuzi wananuka samaki.

Ningeweza kumwambia hayo yote. Nilimwambia tu, "Rudisha mulango, nzi wanaingia."

Nililia, sitadanganya. Lakini kilichokaa moyoni kwa muda mrefu zaidi ya kuachwa ni lile neno lake, inanuka. Nilianza kujinusa mikono. Kanisani nilikuwa nachagua mwisho wa benchi. Kwenye kwaya tunasimama bega kwa bega, nami nikawa naimba nimebana makwapa kama mtu mwenye baridi. Niliendelea hivyo mpaka siku moja, nikifua shuka kwa mara ya pili bila sababu, hasira ikanipanda. Kazi yangu ilikuwa imelisha watoto wangu na yeye pia. Sikuwa na haja ya kuionea aibu. Ila sebule sasa ilikuwa yangu, kitanda changu, na kama nilitaka chumba changu kinukie, kingenukia, kwa sababu mimi ndiye ninayelala humo.

Nilimwambia rafiki yangu maneno haya tukiwa shambani. Ni Mrundi, alikuja na watoto wake kwao kulipochafuka, akakaa kambi ya wakimbizi, kisha akapata kipande cha kulima kando ya muhogo wangu. Ujanani alifanya kazi za nyumbani Bujumbura, kwa mama mmoja aliyekuwa anaweka mezani bakuli la maua makavu.

"Walikuwa wanaita popuri," alisema. "Ukifungua mulango tu, unasikia. Na haina moshi kama ubani. Iko inakaa tu pale, inanukia pole pole."

"Inatengenezwa na nini?"

Aliinama, akang'oa ndago, yale majani mabaya yanayotusumbua kila msimu, akavunja kizizi chake cheusi na kunipa. Nilinusa. Kilikuwa na harufu ya ardhi kavu inayopata mvua, na nyuma yake kitu kikali kidogo, kama viungo. Miaka yote nimekuwa nikizichoma hizo ndago.

"Hii ndiyo itashika harufu ya maua isikimbie," alisema. "Tuanze na hii."

Tukaanza. Tuliokota maua meupe ya franjipani yaliyoanguka uani mwa shule. Waridi niliomba kwa masista, nikapewa yale yaliyokaribia kupukutika. Bugenvilia haina harufu, lakini rangi yake inabaki hata ikikauka, kwa hiyo tukaichuma kwenye nyua za watu kwa ruhusa yao. Maganda ya machungwa na malimau tulikata membamba, tukakwangua ule weupe wa ndani. Majani ya mchaichai na ya mkaratusi yalikuwepo kila mahali.

Mara ya kwanza niliharibu kila kitu. Mikono yangu ilijua kukausha ndagala, na ndagala zinataka jua kali, kwa hiyo nilitandaza maua juani kando yao. Jioni yalikuwa yamegeuka rangi ya tumbaku na yananuka nyasi, na juu ya nyasi, ndagala. Rafiki yangu alicheka hadi akashika ukuta.

"Dada, maua si samaki! Yatafutie kivuli."

Tukatundika chandarua kikuukuu chini ya bati, ndani, mahali penye upepo, tukatandaza maua humo. Nilikuwa nayageuza kama nilivyozoea, kwa vidole. Ua likiwa tayari linavunjika kama karatasi. Likikunjika bado, linabaki na maji na litaleta ukungu. Tulipoona yote yanavunjika, tukachanganya kwenye ndoo yenye mfuniko: maua, maganda, majani, ndago tulizotwanga nusunusu, chumvi ya mawe, karafuu na mdalasini. Mwisho tukadondosha mafuta. Yalikuwa kwenye vichupa vidogo vyeusi, ya mchaichai na ya mkaratusi, yaliyoletwa na mwanamke anayefanya biashara ya Uvira. Ni makali sana. Tone likigusa ngozi linauma. Tukafunga. Kila siku nilikuwa naitikisa ile ndoo, na nilikatazwa kufungua.

Tulipofungua hatimaye, sote wawili tuliinamia ndoo. Harufu ilikuwa moja, imeshikana. Huwezi kusema hili ni chungwa, hili ni waridi. Nilijaza bakuli la udongo, nikaliweka katikati ya meza ya sebuleni, nikaketi kiti alichokuwa anakalia mume wangu. Watoto waliporudi shule walisimama mlangoni kama wageni. Nikawaambia waingie, ni kwao.

Mtu wa nje wa kwanza kuliona bakuli lile alikuwa kiongozi wa bamama, wanawake wa kanisa letu. Alikuja kunitembelea, kama tunavyomtembelea kila aliyeachwa au kufiwa. Nilimpa chai. Macho yake yalikuwa mezani.

"Mama, iko nini hii?"

"Ni maua, mama. Ya kunukisha nyumba."

"Hii ni muzizi."

"Ndiyo, na mizizi iko ndani. Ndago."

"Na chumvi? Na magamba ya miti?" Alirudisha kikombe chini, chai ingali nusu. "Mama, bwana akienda tunapiga magoti. Hatutafuti mizizi."

Nilicheka, nikidhani anatania. Jumapili iliyofuata nilijua hakuwa anatania. Wenzangu wa kwaya waliacha nafasi kubwa kila upande wangu, na safari hii haikuwa kwa sababu ya ndagala. Ilikuwa imeshasemwa ufukweni, sokoni na kisimani kwamba natengeneza dawa ya kumvuta mume wangu kutoka Kazimia, na kwamba Mrundi ndiye aliyenifundisha.

Neno hilo, dawa, kwetu maana yake ni uchawi, na si la mchezo. Nimemwona bibi mmoja akifukuzwa na majirani, wengine wao aliowapokea mwenyewe wakizaliwa, mabati ya nyumba yake yakishushwa mchana watu wanatazama. Kwa hiyo wazee wa kanisa waliponiita, nilikwenda nikiwa na hofu. Waliketi upande mmoja wa meza, mchungaji katikati, kiongozi wa bamama pembeni.

Mzee mmoja, ambaye nilimheshimu sana, alisema kwa upole, "Hatutaki kukuaibisha. Utupe hiyo vitu mutoni, halafu Jumapili useme mbele ya kanisa kwamba umetubu. Itaisha."

"Nitubu nini, baba?"

"Hiyo dawa."

"Si dawa. Ni maua, maganda ya machungwa na ndago. Njooni nyumbani muone, muguse."

"Hatuwezi kugusa," alisema kiongozi.

"Basi mumejuaje kama ni dawa?"

Mchungaji aliniambia, karibu ananibembeleza, "Sema tu neno la msamaha, mama. Hata kama hakuna kitu. Ni kwa amani."

Hapo hofu iliniisha. Sijui ni kwa nini. Pengine ni kwa sababu nilifikiria yule bibi, kwamba naye huenda aliombwa aseme neno moja tu kwa amani, akalisema, na hilo hilo neno likawa ushahidi. Nikajibu, "Nikiomba msamaha nitakuwa nimekubali. Sitakubali. Na huyo Mrundi hamutamugusa. Shamba lake liko kando ya langu na nitakuwa pale."

Walinitenga, na ikatangazwa Jumapili mbele ya kanisa zima kwamba ni kwa ajili ya dawa. Nisishiriki meza ya Bwana, nisiimbe kwaya. Jumapili hiyo nilivaa kitenge changu kizuri kuliko vyote, nikakaa benchi la mbele kabisa, na kila wimbo wa kanisa zima niliuimba kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuitoa kwenye kwaya.

Kisha nilifanya jambo ambalo rafiki yangu alilipinga kwa nguvu. Nilitoa chandarua na kila kitu sebuleni, nikavihamishia barazani, mbele kabisa, kwenye kivuli cha bati, ambapo kila anayekwenda sokoni lazima apite.

"Dada, watakupiga mawe," alisema.

"Wachawi wanajificha. Mi sijifichi."

Alivuta kigoda, akaketi nami. Alikuwa na mengi ya kupoteza kuliko mimi, mgeni asiye na ukoo wa kumtetea, lakini aliketi. Tukawa tunachambua petali mchana watu wanatazama. Wengine walivuka upande wa pili wa barabara. Mlevi mmoja alitema mate karibu na ndoo. Waliouliza niliwajibu wote, mmoja mmoja, jina la kila jani. Nikawaambia wanuse. Wachache walinusa.

Mambo yalikuwa yanaanza kutulia, halafu mume wangu akarudi.

Alishuka kwenye mtumbwi kutoka Kazimia na begi lile lile. Sikujua kilichotokea huko, na mpaka leo sijauliza. Habari ilimtangulia. Alipofika nyumbani na kaka yake, ua wetu wa miti ulikuwa umejaa vichwa vya watu upande wa nje, na nilisikia sauti ya mwanamke ikisema wazi wazi, "Munaona? Dawa imemuleta!" Kiongozi wa bamama alikuwepo pia, mikono kifuani.

Niliwakaribisha barazani. Ni baba wa watoto wangu, na yule ni shemeji yangu mkubwa, nisingewasimamisha juani. Nikawapa viti na chai.

"Inanuka?" nilimuuliza mume wangu alipokunywa.

Aliinamisha kichwa. Baadaye akasema, "Nyumba inanukia vizuri. Umenitengenezea."

"Nimejitengenezea."

Shemeji akaingia kati. "Mama batoto, wacha kiburi. Bwana amerudi mwenyewe, hakuna aliyemuvuta kwa kamba. Mupokee. Mwanamuke bila bwana, nani atamusimamia?"

"Shemeji, miezi yote hii nilikuwa nimesimama. Hukuona?"

"Ukimukataa, watu watasema nini?"

Nilisimama, kwa sababu nilitaka walio nje ya ua wasikie bila kupelekewa habari. "Walishasema! Walisema nimetwanga mizizi ili huyu arudi. Haya, amerudi. Sasa waangalie vizuri, na we mama kiongozi uangalie: simutaki. Baba batoto, watoto ni wako, utawaona kila siku ukitaka, hapa barazani au kwa kaka yako. Ndani huingii."

Alibaki ameshika kikombe. Nilimwonea huruma, nakiri, maana alikuwa amekonda. Lakini huruma hailazimishi mtu kufungua chumba. Alimaliza chai, akainuka, akafuata kaka yake, na watu wakampisha njiani.

Wapo waliosema hata hivyo kwamba dawa yenyewe ndiyo imenigeuza kichwa. Kwa watu kama hao hakuna jibu. Lakini kwa wengine uvumi ule uliharibika. Hadithi ya mwanamke anayemvuta mume ili amfukuze ilikuwa ngumu kuisimulia hadi mwisho.

Baada ya muda mchungaji alinikuta sokoni, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba Jumapili naweza kurudi mezani, mambo yameisha. Nilimshukuru. Jumapili ilipofika, kabla ya mkate kupitishwa, nilisimama kwenye benchi langu la mbele nikauliza, "Nilitengwa mbele ya kanisa, na sababu ilisemwa. Narudishwa kwa sababu gani?"

Yule mzee niliyemheshimu aliinuka taratibu, akiegemea kiti. "Tulisikia vibaya," alisema. "Tulipaswa kwenda kuangalia. Hatukwenda." Akaketi. Kiongozi wa bamama alikuwa anatazama magoti yake. Hajawahi kuniambia kitu juu ya jambo hilo, nami sijamfuata.

Kwaya nilirudi. Nyumbani kwa kaka yake, mume wangu amefungua kibanda cha kutengeneza mota, na watoto hupitia huko wakitoka shule. Ndagala bado naanika kila siku jua likiwepo.

Juzi, nikiwa nakoroga ndoo mpya na rafiki yangu, nilisikia mtu ananiita kwa kunong'ona nyuma ya nyumba, upande wa choo. Alikuwa mmoja wa wenzangu wa kwaya, wale walioacha nafasi. Alitaka maua kidogo, ya chumba cha binti yake aliyejifungua, lakini alitaka niyapitishe hapo, kwenye tundu la ua.

"Maua iko," nilimwambia. "Lakini zunguka, mama. Uchukulie mbele, kwenye baraza."

Alisita, akatazama huku na huku. Nilirudi kukaa na kuendelea na kazi. Rafiki yangu alinitazama kama anayetaka kunigombeza kwa roho yangu ngumu. Kisha tukasikia kandambili za yule mama zikija taratibu kando ya ukuta, na rafiki yangu akamsogezea kigoda.